Wageni wa kujitolea kwenye makao ya watoto: wazuiwe au waachwe?

Mkazi wa Moshi: Ndugu zangu, naomba tulijadili jambo hili bila kurushiana maneno. Kenya ilisitisha usajili wa makao mapya ya watoto Novemba 2017, na mkakati wake wa mageuzi ya malezi wa 2022 hadi 2032 unalenga kuwarudisha watoto kwenye familia. Je, na sisi Tanzania tuwazuie wageni wanaokuja kujitolea kwa wiki mbili au tatu kwenye makao na shule zilizomo humo? Nyumba yangu inatazamana na kituo kimoja, na kila Jumatatu gari hushusha kundi jipya. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi siku ya tatu tunampa mtoto. Tena wengi wao hawawezi hata kusugua sufuria ya ugali.

Mlezi wa Zamu ya Usiku: Kaka, hilo la sufuria limenichoma, kwa hiyo nitaanza nalo. Nimelea watoto kituoni miaka 11. Saa kumi na moja alfajiri tunawaamsha wanaokojoa kitandani na kuyatoa magodoro nje yasubiri jua, kisha ni kuni, uji, foleni ya bafuni na kumtafutia soksi ya pili yule ambaye kila siku hupoteza soksi ya pili, na saa moja kasoro robo wote wawe wamevaa sare. Mwaka juzi binti mmoja kutoka ng'ambo alikaa nasi miezi sita. Alijifunza kulowesha ukoko usiku ili asubuhi utoke kwa urahisi, na alisugua mpaka kucha zikakatika. Wewe wa dirishani uliona kamera tu.

Wakili Mstaafu: Mama, heshima yako ipo, lakini binti mmoja hatoshi kuwa hoja. Miongozo ya Umoja wa Mataifa ya malezi mbadala ya 2009 inataka mtoto atenganishwe na familia pale tu njia nyingine zimeshindikana, na Baraza Kuu lilipitisha azimio, nadhani 2018, lililogusa madhara ya wageni wa kujitolea vituoni. Zaidi ya hayo, viza ya utalii haimruhusu mtu kufundisha darasani. Kibali cha ukaazi daraja C kipo kwa kazi hiyo. Ninaelewa, hata hivyo, kwamba wanaolipwa kwa michango ya wageni hawawezi kuacha kuwatetea.

Aliyerudi Kutoka Ujerumani: Mzee wangu Wakili, azimio hilo ni la Desemba 2019. Mimi nilijitolea Ujerumani mwaka mzima katika shule ya chekechea, kupitia weltwärts, mpango wa serikali ya Ujerumani wa vijana wa kujitolea, ambao tangu 2013 hupokea pia vijana kutoka nchi zetu. Kabla ya kuruhusiwa kumfunga mtoto kamba za viatu, nilitakiwa kuleta cheti cha kuthibitisha kwamba sina rekodi ya makosa dhidi ya watoto. Niliporudi nilitembelea kituo kimoja Arusha, nikamkuta mgeni aliyefika jana yake akiwaogesha watoto wadogo, na mlezi aliyekuwa zamu hakulijua hata jina lake la pili.

Mkazi wa Moshi: Ujerumani wana mashine za kuoshea vyombo, kijana. Ndiyo maana wakifika kwetu sufuria inawashinda.

Mlezi wa Zamu ya Usiku: Wakili, umeniita mnunuliwa kwa lugha ya adabu. Mshahara wangu haujawahi kumaliza mwezi, na mara mbili nimenunua dawa ya mafua ya mtoto asiye wangu kwa nauli yangu, nikarudi nyumbani kwa miguu. Wewe ulilipwa na wateja wako. Je, uliwatetea kwa sababu hiyo tu?

Wakili Mstaafu: Mara nyingi, ndiyo. Naomba radhi kwa neno hilo, Mama, ingawa hoja yangu siiondoi.

Niliyekulia Humo: Shikamooni. Mimi sikuwa yatima. Mama yangu alikuwa akiuza ndizi soko la Mbuyuni, na alinipeleka kituoni kwa sababu shule yake ilifundisha kwa Kiingereza na chakula kilikuwapo. Kwa wageni tulifundishwa kuimba, na ilieleweka kwamba mama asitajwe. Niliwapenda sana wale wa mwanzo. Kufikia darasa la nne nilikuwa naweza kuaga kwa lugha tano, na mgeni mpya akifika nilimuuliza kwanza anaondoka lini, ndipo nikaamua kama nishike jina lake. Watu husema tuliwakimbilia getini kwa furaha, na kweli tulikimbia; aliyetangulia ndiye aliyebebwa. Pesa za tiketi moja ya ndege zingemtosha mama kufungua genge.

Mlezi wa Zamu ya Usiku: Marahaba, mwanangu. Ulilala bweni gani? La karibu na jiko, au lile la juu?

Niliyekulia Humo: La karibu na jiko.

Mkazi wa Moshi: Pamoja na hayo yote, bado sijaambiwa ni nani aliyesugua sufuria ya ugali Jumapili, wageni wanapokwenda kuangalia wanyama.

Mlezi wa Zamu ya Usiku: Jumapili hatupiki ugali, kaka. Tunapika wali.