Amekifunga kitabu changu cha Kihispania mbele za watu!

Farasi wa Pembeni (mleta mada):
Wakuu, naandika mkono unatetemeka. Yule mtu, mnamjua, sina haja ya kumtaja, kicheko chake hufika kabla yake, leo kavuka mpaka.

Niko zangu nimetulia, ubao wa chesi mbele yangu, kitabu cha Ufunguzi wa Kihispania, ule wa mweupe kuanza mchezo kwa e4 na kumtoa askofu b5, kiko wazi kwenye tawi la Breyer, pale farasi wa mweusi aliyekwisha kutoka anaporudi tena b8, mraba alioanzia. Nimekodoa macho nielewe kwa nini mtu mwenye akili timamu amrudishe farasi nyumbani vita vikiwa vimepamba moto. Anakuja. Salamu hakuna. Anachungulia, anachekea puani, halafu ANAKIFUNGA KITABU. Kwa kidole kimoja! Kalamu niliyowekea alama ikabingirika hadi chini ya meza.

Eti: "Vya maneno mengi hivi ni vya watoto. Tafuta vya mikondo."

Vya mikondo! Anavyovisifu navijua. Matofali yale, unafungua ukurasa mzima hukuti sentensi, ni hatua tupu, mabano ndani ya mabano ndani ya mabano, mwisho kabisa kialama kwamba mweupe yuko vizuri kidogo. Vizuri kwa lipi? Afanye nini sasa? Huambiwi.

Changu kina mechi nzima nzima, kuanzia e4 hadi mtu anasalimu amri. Kinakueleza kwa nini askofu atoke b5, arudi a4, kisha b3, na kwa nini farasi wa b1 apite d2 na f1 mpaka afike g3. Berlin, ule ulinzi wa mweusi dhidi ya Kihispania, ina sura yake, na haijaishia kwenye ufunguzi, maana malkia wote wawili wanatoka ubaoni hatua ya 8, na asiyejua michezo ya mwisho hapo hana la kufanya. Kasparov mwenyewe, bingwa wa dunia wakati huo, aligonga ukuta ule London mwaka 2000, mechi 15 mbele ya Kramnik hakushinda hata moja. Halafu mtu aniambie maneno ni ya watoto!

Tuyaache hayo. Angenitukana ningevumilia. Angesema kitabu kimepitwa na wakati tungebishana. Lakini alikifunga. Mtu unasoma, mtu mzima mwenzako anakufungia kitabu!

Ngome Kongwe:
Nakazia. Huyo huyo ndiye aliyeniambia nisipoteze muda na Marshall, lile shambulio la mweusi ndani ya Kihispania, kwa sababu "Capablanca alishaimaliza 1918". Alishaimaliza! Kweli Marshall mwenyewe alipigwa na Capablanca siku ile New York, lakini hadi leo watu wanamtoa kafara yule askari wa e5 bila kupepesa, na weupe wengi wanaikwepa mapema kwa a4 au h3. Mimi kitabu cha Kihispania kisichogusa Marshall sinunui, hata kikiwa na jalada la dhahabu.

Malkia Mkali:
Mleta mada punguza povu. Kimefungwa, hakijachanwa. Si ukifungue?

Farasi wa Pembeni:
Nikifungue? Wewe umewahi kuusoma Kihispania uliofungwa, lile tawi la mwendo wa polepole? Kurasa zote zinafanana! Picha ya ubao ni ileile, tofauti ni askari wa h3 kasogea au hajasogea. Nimejikuta nasoma tawi jingine, Chigorin, farasi yuko a5, nikadhani ni yule wangu wa b8. Yote hayo kwa sababu ya KIDOLE KIMOJA.

Malkia Mkali:
😂😂😂 Basi mkuu, pole. Kidole kiitwe kamati ya nidhamu.

Askari wa c4:
Mnajitesa. Unajaza kabati juzuu za Kihispania, mpinzani anajibu e6, ufunguzi wa Kifaransa huo, juzuu zote zimelala. Akijibu c6 ni Caro-Kann, ufunguzi mwingine, zimelala tena. Nimehamia kuanza na d4 napumua. Capablanca na Alekhine wakigombea ubingwa wa dunia, Buenos Aires 1927, mechi 34, na 32 kati ya hizo ni Gambiti ya Malkia Iliyokataliwa, inayoanza na d4. Nunua kitabu kimoja kinachoeleza umbo la askari liitwalo Carlsbad na lile shambulio la askari wachache dhidi ya wengi, b4 halafu b5, basi.

Ngome Kongwe:
Na akikujibu farasi f6, kisha g6, ulinzi mwingine kabisa? Zako hazilali?

Askari wa c4:
Huyo nitamnunulia kitabu chake.

Ngome Kongwe:
Kumbe kabati linajaa kulekule.

Msoma Kale:
Nyie mnalia na kidole, njooni mlie na P-K4. Nilipewa kitabu cha zamani, maelezo matamu hujawahi kuona, lakini hatua zimeandikwa kizamani, kila upande unahesabu kuanzia kwake. Mraba wa e4, kwa mweupe ni K4, kwa mweusi ni K5! Ukurasa mmoja unamaliza jioni nzima, unabadilisha hatua kwa penseli pembeni kabla hujawaza lolote.

Malkia Mkali:
Afadhali yako. Changu ni kipya, jalada linasema kabisa ni cha anayecheza na weusi, ndani picha ZOTE weupe wako chini. Sura nzima nasoma nimepinda shingo. Mwandishi wa kitabu cha weusi, geuza ubao!

Msoma Kale:
Hiyo nayo ni jinai. Na wanaoazima vitabu wakaandika kwa wino je?

Farasi wa Pembeni:
Jamani, tuzungumzie mtu kufunga kitabu cha mwenzake kikisomwa.

Ngome Kongwe:
Tunakuja huko mkuu. Msoma Kale, nani kaandika kwa wino?

Msoma Kale:
Simjui, nilikipokea hivyo. Kila hatua ya mweusi kaiwekea alama ya mshangao, ile ya kusifia hatua nzuri, hata ile ya kizembe kabla ya kupigwa mati.

Askari wa c4:
Cha kwangu walichora mishale. Wino mwekundu, juu ya picha, hadi sijui askofu yuko mraba gani.