Mke wangu anasema Bob Dylan anaimba kama mtu mwenye mafua. Nianze na nyimbo zipi ili amwelewe?

Konda Mstaafu (mleta uzi)

Wakuu habari za jioni, naomba ushauri, povu ruksa ila mnisome kwanza.

Mimi ni shabiki wa Bob Dylan, yule mzee wa Kimarekani wa gitaa na kinanda cha mdomo. Mnaouliza ndo nani huyo, ni yule mwanamuziki aliyepewa Nobel ya fasihi mwaka 2016 watu wa vitabu wakanuna, miaka mitano kabla Gurnah wetu wa Zanzibar hajaichukua. Na kwenye ile video ya "We Are the World" ni yule anayeonekana hajui afanye nini na mdomo wake wenzie wakiitikia, halafu kuelekea mwisho anapewa kipande chake peke yake.

Sasa nyumbani kwangu huyu mzee ni kesi. Spika tunayo moja, nikiiwasha tu mke wangu anasema "mgonjwa wako ameamka". Anadai anaimba puani, anavuta maneno, hana nota hata moja anayoigusa ikakaa. Watoto nao wameshajua kumuigiza, mdogo anabana pua kabisa. Nilimuwekea "Like a Rolling Stone" ambayo ni dakika sita na ushee, dakika ya pili hakuifikia akaenda jikoni na mlango akafunga. Desemba tunaenda Bukoba na gari letu, ameshatangaza mapema kwamba Dylan hapandi.

Naomba mnisaidie, nianze na nyimbo zipi? Na swali la pili, kuna mtu mwingine humu anaipenda SAUTI yenyewe au niko peke yangu? Maana jamaa zangu wanasema mashairi sawa, sauti tunavumilia. Mimi sivumilii. Kiingereza changu chenyewe cha kuungaunga, mistari mingi siielewi mpaka nikaisome, kwahiyo kilichonivuta hakikuwa mashairi, ni hiyo hiyo sauti, yani akiimba nasikia mtu ananiambia kitu na hana mpango wa kunibembeleza. Wengine wanasema najifanya msomi. Nawasilisha.

Ndezi Mjanja

Mkuu mwache shemeji yetu apumzike. Bukoba mbali kule, wekeni Bongo Fleva mfike mkiwa bado ni wanandoa.

Mzee wa Kaseti

Kijana umekosea mlango. Watu wanaosema sauti ya Dylan wanasema kana kwamba anayo moja, huyo mtu ana sauti nne tano na wewe umemwekea mkeo ile kali kuliko zote. Umempa mgeni pilipili wali haujaja.

Ngoja nikueleze taratibu. Albamu ya kwanza imetoka 1962, aliirekodi ana miaka 20 tu, kijana kutoka Hibbing huko Minnesota, mji wa migodi ya chuma, lakini anaimba kama babu aliyetembea nchi nzima kwa miguu. Makusudi hayo. Alikuwa anamfuata Woody Guthrie, mwimbaji wa zamani wa nyimbo za kiasili za Marekani, alienda New York mwanzoni mwa 1961 na akawa anamtembelea hospitalini alikolazwa. Halafu 1965 na 1966 inakuja ile sauti ya wembe, ya puani, ya dharau, hapo ndo "Like a Rolling Stone" ilipo. Sasa sikiliza "Nashville Skyline" ya 1969. Utadhani wamebadilisha mtu! Sauti laini, nzito kidogo, inatoka kifuani, mwenyewe akasema ni kwa sababu ameacha sigara (mimi siamini sana, huyu mzee anapenda kuwadanganya waandishi wa habari). Weka "Lay Lady Lay" usimwambie ni nani, nenda zako nje. Akiuliza "huyu nani", usicheke, utaharibu.

Baada ya hapo "Blood on the Tracks" ya 1975, hapo sauti imetulia ina majeraha, nyimbo za mapenzi yaliyoharibika, mtu mzima yeyote anaelewa hata bila tafsiri. Zile za uzeeni kuanzia 1997 sauti imebaki mkwaruzo mtupu, hizo weka mwisho kabisa au usiweke.

Mama Tunu

Shem mimi nitakuambia kitu kaka zako humu hawatakuambia, maana mimi ndo huyo mke. Mume wangu naye ni wa Dylan. Na kilichokuwa kinanikera haikuwa sauti, kilikuwa ni yeye mume. Anaweka wimbo, anausimamisha katikati, "umesikia hapo?", anatafsiri, anarudisha nyuma, anaanza upya, ananiangalia usoni kama nimechekaaa au sijacheka. Nani atapenda muziki hivyo? Siku nzima nimechoka unanipa mtihani.

Mimi nilimpenda bila yeye kujua. Nilikuwa napenda ule wimbo wa Adele, "Make You Feel My Love", toka ile albamu yake ya kwanza ya 2008, nikawa nauimba jikoni, mume anatabasamu tu hasemi kitu, baadae ndo namwona kwenye orodha yake upo wimbo huohuo, wa Dylan, 1997. Nikausikiliza nikiwa na hasira zangu nikijua nitauchukia. Adele anauimba vizuri sana, hilo sibishani na mtu. Ila ukimsikia Adele unajua kabisa atakubaliwa, sauti ile nani atamkataa? Huyu mzee akisema atafanya hiki na kile ili apendwe, unasikia mtu anayejua anaweza kuambiwa hapana. Nilikaa chini.

Kwahiyo ushauri wangu, funga mdomo. Weka kwa sauti ya chini asubuhi unaosha vyombo (na vioshe kweli shem), usiseme neno.

Konda Mstaafu

Mama Tunu umenichambua mbele za watu. Hiyo ya kusimamisha wimbo naomba nisijibu.

Kitasa cha Chuma

Jamani tuache unafiki, Bob Dylan HAJUI KUIMBA. Ni mwandishi, na ni mwandishi mkubwa, sina ugomvi na hilo. Ila angalieni nyimbo zake zilivyofika kwa watu, "Blowin' in the Wind" ilipaa 1963 baada ya Peter, Paul and Mary kuiimba, "Mr. Tambourine Man" ikashika namba moja 1965 kwa The Byrds, "All Along the Watchtower" watu wanaijua ya Jimi Hendrix ya 1968 na mpaka Dylan mwenyewe akiipiga jukwaani anafuata ya Hendrix. Kila wimbo ulisubiri mwenye koo. Hata Nobel yenyewe ni ya fasihi sio ya kuimba, na kwenye sherehe yenyewe kule Stockholm hakwenda, akaimba Patti Smith. Mleta uzi mkeo yuko sahihi, na ushauri wangu mpe hizo za wenzake, mashairi yaleyale bila mateso.

Binti Chumbageni

Kitasa kama hajui kuimba ile Grammy ya 1980 ilikuwa ya nini? Sio ya uandishi ile, ni ya UIMBAJI, mwimbaji bora wa kiume wa roki, kwa "Gotta Serve Somebody", kipindi kile ameokoka anaimba injili.

Kitasa cha Chuma

Grammy nao wana siku zao.

Binti Chumbageni

Haya. Basi niache tuzo niseme ninachosikia. Mimi naimba kwaya, mwalimu wetu anatufundisha kushika nota, kufungua mdomo, kupumua. Dylan hivyo vyote havimhusu. Anachojua yeye ni neno likae wapi. Kuna mahali mdundo unamsubiri yeye hasemi, anachelewa, halafu anamwaga maneno saba kwa mkupuo na la mwisho linaangukia palepale lilipotakiwa, wewe jaribu kuuimba wimbo wake kama yeye ndo utajua hujui, maneno yatakubakia mdomoni gitaa limeshapita. Wanaourudia wimbo wake wengi wanaupiga pasi kwanza, mistari inalingana, ni mizuri, ila ile hali ya mtu anayefikiria huku anaongea inapotea.

Na hii habari ya sauti lazima iwe tamu tumeitoa wapi sisi? Bi Kidude alikuwa na sauti ya kukwaruza, sigara mkononi, kazeeka, WOMEX, yale maonyesho ya muziki wa dunia, wakampa tuzo 2005 na hakuna aliyemwambia anywe maji ya uvuguvugu kwanza. Tulikaa kimya tukasikiliza. Sam Cooke, mwimbaji mweusi wa Marekani ambaye sauti yake hata Kitasa hawezi kuitia kasoro aliisikia "Blowin' in the Wind", ikamgusa kwamba kijana wa kizungu ndo ameandika wimbo ule kabla yake, akaanza kuuimba yeye mwenyewe, na wimbo wake wa "A Change Is Gonna Come" ukatokana na hapo.

Kitasa cha Chuma

Dada Bi Kidude alikuwa kwenye nota. Kukwaruza na kukosa nota ni vitu viwili. Ila hiyo ya maneno kukaa nimekuelewa, nusu.

Dogo Mkali

Mimi nimemjua kupitia ile filamu ya mwisho wa 2024 aliyoigiza Timothée Chalamet, anaimba mwenyewe humo, nikadhani ile sauti ya puani ametia chumvi, nikaenda kumsikiliza mwenye sauti yake nikakuta dogo kumbe alipunguza. Sijawahi kurudi nyuma. Filamu ya kuangalia na shemeji hiyo, kuna mapenzi ndani.

Fundi Redio

Filamu nzuri ila kama unataka mkeo amwonee huruma kwanza, mtafutie ile dokumentari ya 2024 kuhusu usiku waliorekodi "We Are the World", Los Angeles, tarehe 28 Januari 1985. Wote wale wenye makoo, Stevie Wonder, Ray Charles, Michael Jackson, Dylan yuko katikati anatamani ardhi ipasuke. Ikafika zamu yake hawezi. Anaimba kama mtu wa kwaya, sauti haitoki. Stevie Wonder akakaa kwenye piano akawa anamuigiza Dylan, ile ile ya puani, anamwonyesha Dylan namna ya kuimba kama Dylan! Jamaa akalegea, akaimba, na kile kipande ukikisikia leo huwezi kukichanganya na cha mtu mwingine pale, na pale walikuwepo wengi.

Wazo la ile kazi, kuwasaidia wenye njaa Ethiopia, alilianzisha Harry Belafonte, huyohuyo aliyeimba "Malaika" na Miriam Makeba. Na Dylan wakati bado hajulikani alimpigia Belafonte kinanda cha mdomo kwenye albamu ya 1962. Kwahiyo pale alikuwa amesimama na mtu aliyemjua toka njaa zake mwenyewe.

Konda Mstaafu

Fundi hii sikuijua, naitafuta leo. Ila swali, watoto nifanyeje? Wale wakianza kubana pua mama yao anapata nguvu.

Fundi Redio

Watoto wape "Mozambique", iko kwenye "Desire" ya 1976, ina fidla nzuri halafu anaimba na Emmylou Harris, sauti ya kike inamshikilia vizuri. Jirani zetu walikuwa wamepata uhuru 1975 tu, wewe ungetegemea mwanaharakati aimbe ukombozi, mzee kaimba ufukwe, anga na watu wanaopendana. Watoto wataimba jina la nchi, basi.

Mswahili wa Minneapolis

Niko Minnesota, kwao kabisa, kuna picha yake kubwa ukutani katikati ya mji, amechorwa na Mbrazili Kobra mwaka 2015. Na laivu nimemwona. Mleta uzi nakusihi usiote kumleta mkeo kwenye shoo ya Dylan. Simu wanazifungia kwenye vipochi mnaingia mikono mitupu, mzee yuko nyuma ya piano, na nyimbo anazibadilisha zote, mdundo mwingine, tuni nyingine, unafika beti la pili ndo unagundua kumbe huu ndo ule unaoujua toka shule. Watu wamezunguka naye hivyo toka Juni 1988. Mimi nililia kwa furaha, jamaa niliyekwenda naye alilala. Kumbuka huyu ni mtu aliyezomewa kwenye tamasha la Newport 1965 kwa kushika gitaa la umeme, na Manchester 1966 mtu akampigia kelele "Yuda!", na ugomvi wao haukuwa sauti yake, hiyo walishaizoea. Kuwakera wasikilizaji ni kazi yake ya siku zote.

Konda Mstaafu

Dah. Nashukuru wote. Kwahiyo "Lay Lady Lay" bila maelezo, halafu Adele kwanza au Dylan kwanza?

Mama Tunu

Adele. Acha siku zipite. Dylan usimtaje.

Mzee wa Kaseti

Na kwenye hiyo hiyo "Nashville Skyline" usiruke wa kwanza, "Girl from the North Country", kaimba na Johnny Cash. Kuna mahali kabisa hawaendi sambamba, mmoja ameshaanza mwingine bado yuko nyuma, na hawakuona sababu ya kuupiga upya. Kitasa na wewe usikilize, halafu uje utuambie nani kati yao kakosa nota.