Begi la mgongoni la kuingia nalo ndani ya ndege

Mkomani: Salaam aleikum. Safari ya miezi mitatu kutoka Lamu, sitaki mzigo wa kuwekwa chini ya ndege. Begi la lita ngapi?

Shela: Waaleikum salaam. Lita 35 hivi, lisizidi sentimita 55 kwa 35 kwa 20. Lipime likiwa limejaa. Mfuko wa mbele ukifura ndio unaokukamatisha. Mashirika mengi kikomo ni kilo 7, kwa hiyo begi tupu la kilo 2 limeshakula zaidi ya robo.

Langoni: Na boti ya kuvuka hadi uwanja wa ndege wa Manda je? Chumvi hula zipu za chuma. Chukua za nailoni, suuza kwa maji yasiyo na chumvi, anika kivulini. Likihifadhiwa na unyevu, utando wa ndani hunata na kubanduka.

Mkomani: Mkanda wa kiunoni?

Shela: Muhimu, ila uwe wa kuchomoka.