Mjadala: Kukusanya vitu vya kidini vya bei rahisi ili kuvicheka, ni sawa?

Ndugu wadau, naomba tulijadili hili bila matusi. Wapo watu wanaokusanya vitu vya ukumbusho vya kidini kwa sababu moja tu: vimetengenezwa ovyo. Saa ya plastiki yenye umbo la msikiti inayoadhini kwa sauti ya kukwaruza, rozari inayong'aa gizani, picha ya mtakatifu ambaye macho yake hayalingani. Vinapangwa rafuni, wageni wanaonyeshwa, watu wanaangua kicheko. Wenyewe hujitetea kwamba wamenunua kwa pesa yao, na kwamba wanachocheka ni ufundi mbovu, si imani ya mtu.

Mimi napinga, na wala sisemi kwamba plastiki ni takatifu.

Chukueni chupa za Lourdes, mji wa Ufaransa ambako mwaka 1858 binti Bernadette Soubirous alisema ametokewa na Bikira Maria, na ambako mahujaji huteka maji ya chemchemi ya pangoni hadi leo. Zinauzwa pale chupa za plastiki zenye umbo la Bikira Maria, na kifuniko chake ni taji la buluu. Ukitaka maji, unalifungua taji. Anayejali sanaa ataona kituko. Lakini mfikirieni mnunuzi anayempelekea maji mgonjwa asiyeweza kusafiri. Anahitaji chombo chepesi, kisichovunjika njiani, ambacho mgonjwa akikiona tu anajua kimebeba nini. Chupa ile inamtosheleza kwa yote. Ukiitoa maji, ukaitenga na mgonjwa wake, ukaisimamisha rafuni, lazima ionekane ya kipuuzi. Upuuzi huo umeuleta wewe.

Na tusisingizie viwanda vya siku hizi. Huko Abu Mena, Misri, kuanzia karne ya 5 mahujaji walirudi na vichupa vya udongo vilivyofyatuliwa kwa kalibu, vyenye sura ya Mtakatifu Mena katikati ya ngamia wawili. Canterbury, Uingereza, nako, baada ya Askofu Mkuu Thomas Becket kuuawa mwaka 1170, ziliuzwa beji za bati na madini ya risasi kwa wingi. Hata Gutenberg, kabla hajapata jina kwa uchapaji, aliingia ubia wa kutengeneza vioo vidogo vya kuwauzia mahujaji wa Aachen, Ujerumani. Vichupa na beji hizo leo viko kwenye majumba ya makumbusho, vinatazamwa kwa adabu. Basi kwa nini muumini aliye hai asipewe adabu hiyo hiyo?

Kuna wanaosema mikusanyo yote ni kufuru, ichomwe. Hapo pia nakataa. Mkusanyaji anayeuliza kitu kilitoka wapi, kilibebwa na nani na kwa haja gani, akayaandika hayo, anafanya kazi ambayo taasisi nyingi za dini zenyewe haziifanyi. Ila ajue mipaka. Kanuni ya 1171 ya sheria ya Kanisa Katoliki inataka vitu vilivyobarikiwa vitumiwe kwa heshima hata vikiwa mali ya mtu binafsi. Chenye aya ya Qurani nacho Mwislamu hakiweki chini sakafuni, sembuse kukifanya mzaha.

Hoja ninayoiona nzito ni hii: mbona waumini wenyewe huvicheka? Kweli, huvicheka. Lakini mtoto akimtania mama yake, jirani hapati ruhusa ya kumtania mama huyo. Anayecheka saa ile kisha akasimama kuswali inapoadhini hajamdharau mtu.

Mwenye kupinga anijibu hili kwanza: aliyekuwa na rozari hiyo akiingia sebuleni kwako, akaitambua, akakuuliza mnacheka nini, utamjibu nini?