Nyumba za mlimani za mbao na mawe: ndani ulipangaje? Tupeane uzoefu

Boriti (mleta mada)

Habari zenu wakuu.

Huu ni mwaka wa nne naishi kwenye nyumba ya mlimani: mawe chini, magogo juu, paa limeinuka sana. Kabla ya kuhamia nilikuwa nimekusanya picha nyingi za nyumba za aina hii, nikazifuata kama zilivyo. Sakafu mbao, kuta mbao, dari mbao, mpaka fremu za vioo, na zote nikazipiga vanishi ya kahawia iliyokolea. Pichani ilipendeza. Kuishi humo ilikuwa habari nyingine. Saa tisa alasiri ukungu ukishashuka, tunawasha taa. Mke wangu alisema anajisikia kama yuko ndani ya sanduku, na ni kweli ndivyo ilivyokuwa.

Mbao iliyokolea inameza mwanga, na huku juu mwanga wenyewe unakuja kwa mgao. Asubuhi kilele kinauzuia, alasiri wingu linaufunika. Nilichofanya ni kuziacha boriti zote kama zilivyo, ila nafasi za dari zilizo kati yake nikazipaka nyeupe. Kisha ukuta mrefu unaotazamana na dirisha nikaung'oa mbao, nikaupiga lipu ya chokaa. Ukuta ule ndio unaopokea mwanga wa dirisha na kuusambaza chumba kizima. Kitu ambacho sikukitarajia: boriti ndipo zilipoanza kuonekana. Zamani zilikuwa zimezama kwenye mbao nyingine, jicho halina pa kuzitofautisha.

Nataka tuzungumze yale ambayo picha hazionyeshi. Baridi, unyevu, moshi, mwanga. Ulikosea wapi, ulirekebishaje?

---

Moto wa Jioni

Asante kwa mada mkuu. Langu mimi ni meko.

Fundi alinijengea meko ya mawe ya kifahari, mdomo mpana kiasi kwamba mtoto anaingia amesimama, na kina kirefu. Tukikoka moto mkubwa, magoti yanaungua na migongo inapigwa baridi. Nikadhani kuni ni chache. Nikaongeza kuni, baridi ikazidi!

Sababu yake nilikuja kuielewa baadaye. Meko ya wazi yanavuta hewa ya chumba na kuipandisha kwenye dohani. Hewa ile lazima ifidiwe, na kinachoifidia ni hewa ya nje inayopenya chini ya milango na kwenye nyufa za madirisha. Kwa hiyo moto ukiwaka kwa nguvu, nyumba nayo inavuta baridi kwa nguvu ileile. Kinachokupasha ni mng'ao wa moto peke yake, na kwangu mng'ao huo ulikuwa umefichwa ndani kabisa ya shimo.

Jambo hili lilishashughulikiwa zamani sana. Mwanasayansi Benjamin Thompson, anayejulikana zaidi kama Count Rumford, aliandika mwaka 1796 namna ya kurekebisha meko: punguza kina, kuta za pembeni zifunguke kuelekea chumbani badala ya kunyooka, na koo la dohani libanwe. Mwashi wangu alifanya hivyohivyo kwa matofali ya kuhimili moto ndani ya meko yaleyale. Mawe ya nje hatukuyagusa. Jioni ya kwanza watu wa viti vya nyuma walivua masweta.

Baada ya miaka miwili nikaenda mbele zaidi, nikaweka jiko la kuni la chuma lenye mlango wa kioo palepale kwenye meko. Jiko zuri la kisasa hufikisha zaidi ya asilimia 70 ya joto la kuni chumbani, na moto bado unauona. Wapo watakaosema linaharibu ile sura ya kimlima. Mimi nasema nyumba isiyokaliwa kwa sababu ya baridi haina sura yoyote.

Mambo matatu kwa haraka. Kuni ziwe kavu, unyevu chini ya asilimia 20, la sivyo unachemsha maji na kupaka masizi ya lami kwenye dohani, na masizi hayo ndiyo yanayoshika moto. Unayejenga sasa, dohani ipite katikati ya nyumba, isiegemee ukuta wa nje, mawe yake yatakupa joto mpaka alfajiri. Na weka king'ora cha kaboni monoksidi karibu na vyumba vya kulala, maana gesi hiyo haina harufu wala rangi.

---

Mgeni wa Juu

Naomba kuuliza kabla hatujaenda mbali. Nimehamia mwezi uliopita, sakafu yangu ni mawe ya bapa, inauma miguu asubuhi. Niifunike yote kwa mbao?

---

Mama Sufu

Usiifunike kaka, utajuta. Jiwe linachelewa kupoa na linachelewa kupata moto, hiyo ni faida ukiitumia vizuri. Acha mawe wazi karibu na jiko la kuni na pale dirishani panapopigwa na jua. Mchana yanakusanya joto na jioni yanalitoa. Weka zulia zito la sufu pale miguu inapotua tu: mbele ya kochi, kando ya kitanda, chini ya meza. Chini ya zulia tandika kitambaa kizito cha manyoya yaliyoshindiliwa, ndicho kinachozuia baridi zaidi ya zulia lenyewe.

Nasisitiza sufu kwa sababu inaweza kunyonya unyevu karibu theluthi ya uzito wake na ukiigusa usihisi majimaji. Kwenye ukungu wa kila siku hilo ni jambo kubwa. Mazulia ya plastiki nilikuwa nayo mawili, yote yalinuka uvundo kabla mwaka haujaisha.

Lakini la kwangu hasa ni kabati la nguo. Nililisukuma likabana kabisa kwenye ukuta wa mawe wa nje, kwa kuwa ndipo lilipopendeza. Msimu wa baridi ukapita, nikatoa koti la marehemu mama yangu, mgongo wote ukungu wa kijani. Nililia. Koti lile sikuweza kuliokoa.

Nieleze kilichotokea ili asiyejua ajue. Chumba chenye nyuzi 20 na unyevu wa asilimia 60, mvuke wake unageuka matone kwenye kitu chochote chenye nyuzi 12 kushuka chini. Ukuta wa nje mlimani usiku unafika huko kirahisi, na nyuma ya kabati ambako joto la chumba halifiki, ni mapema zaidi. Siku hizi sheria yangu ni moja: kabati, kitanda na rafu za vitabu zikae kuta za ndani. Isipowezekana, ziachane na ukuta nafasi ya ngumi, na ziwe na miguu ili hewa ipite chini. Nunua kipima unyevu kidogo, kikae sebuleni kama saa. Kati ya 40 na 60 uko salama.

---

Seremala Mzee

Wanangu, mimi nimetengeneza samani maisha yangu yote. Kosa ninaloitwa kulitibu kila mara ni meza ya ubao mmoja mpana, wenye gome pembeni, ambayo imepasuka katikati. Mwenye meza anasema ubao ulikuwa mbovu. Ubao haukuwa mbovu, ulikuwa mbichi, na waliufunga skrubu pande zote ukakosa pa kwenda.

Mbao huanza kusinyaa unyevu wake ukishuka chini ya asilimia 30 hivi. Ndani ya nyumba inayokokwa moto kila siku, itashuka hadi 8 au 10. Inasinyaa upana, urefu haubadiliki kwa kiasi cha kuonekana. Basi lete ubao ndani ya nyumba, ulaze kwenye vipande vya papi ili hewa ipite juu na chini, uuache wiki kadhaa uzoee chumba kile ndipo ufanye kazi. Matundu ya skrubu kwenye fremu yachongwe marefu, si mviringo, ubao upate kutembea. Mwaka wa kwanza utausikia unalia usiku, usiogope.

Jingine ni zito zaidi. Wengi mnapenda mafuta ya kitani badala ya vanishi, nami nayapenda, mbao inabaki na uso wa mbao. Lakini matambara mliyopakia msiyakunje mkayatupa kwenye ndoo. Mafuta yale yakikauka yanatoa joto, tambara lililofinyangwa linaweza kuwaka lenyewe bila kiberiti. Karakana niliyojifunzia kazi iliungua usiku kwa sababu hiyo, tukakuta majivu na misumari. Tandaza kila tambara peke yake nje juu ya jiwe mpaka likauke kabisa, au liloweke kwenye maji ndani ya kopo la chuma lenye kifuniko.

---

Ngazi ya Mawe

Mzee wangu umeniamsha, nina ndoo ya matambara stoo sasa hivi. Nakwenda kuyatoa.

---

Dirisha Kubwa

Kwangu tatizo lilikuwa macho yaelekee wapi. Upande mmoja meko, upande wa pili dirisha lenye bonde lote chini yake. Kochi likitazama moto, limelipa bonde kisogo. Likitazama bonde, mgongo unaota moto na uso unaota baridi ya kioo. Nilihangaika na samani zilezile karibu mwaka mzima.

Suluhisho halikuwa kochi. Niliondoa lile kubwa, nikaweka viti viwili vyepesi vinavyogeuka na benchi refu lisilo na egemeo kati ya moto na dirisha, unaweza kukaa upande wowote. Mchana watu wanatazama nje, giza likiingia wanageuka bila mtu kuambiwa. Nikiulizwa nini kimebadilisha nyumba yangu, nitasema benchi lile, ingawa ndicho kitu rahisi kuliko vyote humo ndani.

Kuhusu dirisha lenyewe: kioo cha tabaka mbili ni lazima, na pazia zito liguse sakafu, juu lifunikwe kwa ubao. Pazia lililo wazi juu linatengeneza mkondo, hewa yenye joto inaingia kwa juu, inapoa kwenye kioo, inamwagika miguuni. Halafu kumbukeni jua la huku ni kali kuliko linavyohisiwa. Miale ya urujuanimno huongezeka karibu asilimia 10 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Kochi langu la zamani lilipauka upande mmoja. Vitambaa vya rangi za udongo, sufu isiyotiwa rangi na kitani vinazeeka kwa heshima. Nyekundu kali na bluu ya kukoza haziwezi.

---

Ngazi ya Mawe

Nimerudi, matambara yametandazwa.

Mimi naongezea mbao za zamani. Nilinunua mbao za banda lililobomolewa nipambe ukuta wa nyuma ya kitanda. Nzuri mno, rangi ya majivu, alama za misumari. Miezi mitatu baadaye nikaanza kukuta unga mwembamba juu ya shuka. Wadudu walikuwa ndani na walikuwa wameanza kuingia kwenye boriti za nyumba. Tulizing'oa zote. Mbao za namna hiyo zipitishwe kwenye tanuri la kukaushia kabla ya kuingia ndani. Mbao za kufungashia bidhaa za kimataifa hupashwa mpaka kiini kifike nyuzi 56 kwa dakika 30 mfululizo, nami mzigo wangu wa pili niliomba kipimo hichohicho. Mpaka leo sijaona unga tena.

Na taa. Tafadhali msitundike balbu moja kubwa kwenye kilele cha paa. Inaangaza buibui. Weka taa nyingi ndogo chini, usawa wa macho ya mtu aliyekaa, balbu za Kelvin 2,700, yaani zenye mwanga wa njano uliotulia. Ukuta wa mawe umulikwe kwa pembeni ili vivuli vya mawe vitokee.

---

Boriti (mleta mada)

Mmenipa kazi ya mwezi mzima. Dada Dirisha Kubwa, hilo la benchi nalifanya wiki hii.

Niongeze moja: nilikuwa na pembe ukutani, magurudumu ya mkokoteni, viatu vya kutembelea kwenye theluji, taa za zamani, vyote kwa pamoja. Nimebakiza taa mbili zinazowaka na shoka ninalolitumia.

---

Mgeni wa Juu

Nimesoma bandiko la Mama Sufu nikasogeza kabati jana usiku. Nyuma yake kuna madoa meusi upana wa mlango. Kipima unyevu kinasoma 74. Ukuta umepakwa rangi ya mafuta juu ya mawe. Nifute nipake nyingine?

---

Mama Sufu

Usipake chochote sasa kaka. Vaa barakoa na glavu, futa madoa kwa kitambaa kibichi na sabuni, usisugue yakiwa makavu maana vumbi lake linaruka. Ile rangi ya mafuta ikwangue yote, ndiyo inayofungia maji ndani ya mawe. Kisha koka moto kila siku, fungua madirisha mawili yanayotazamana dakika kumi asubuhi na kumi jioni, usubiri kipimo kikae chini ya 60 wiki nzima. Hapo ndipo upige chokaa, makoti membamba matatu, ukuta upate kupumua.

Kabati lenyewe lihamishie ukuta unaopakana na dohani. Nguo zitoe zote uzianike leo kabla jua halijaondoka. Tunasubiri mrejesho.