AOS ipi unayoisema? Tupeane uzoefu kabla mtu hajapoteza ada yake

Wadau, salaam. Mtu akiuliza "AOS inachukua muda gani?" anapata majibu matano yanayopingana, na yote sahihi. Kwenye makaratasi ya Marekani herufi hizo zina kazi mbili. Kuna Adjustment of Status: aliye ndani ya nchi kuomba ukaazi wa kudumu bila kurudi ubalozini, fomu I-485. Na kuna Affidavit of Support: kiapo cha mdhamini kwamba mhamiaji hatakuwa mzigo wa serikali, fomu I-864. Balaa ni kwamba mafaili mengi yana zote mbili. Leteni mnayoyajua. Hadithi za maisha tuziweke kando, tupeane namba.

Fundi wa Fomu
Nianze na ada, maana ndiko watu wanakoumia. Kesi ikiwa NVC, kile kituo kinachoandaa mafaili ya ubalozi, ukurasa wa malipo una mistari miwili: AOS dola 120 na IV, yaani viza ya uhamiaji, dola 325. Hiyo AOS ni kiapo cha mdhamini, hulipwa mara moja kwa kesi. Ile 325 ni ya kila mhamiaji. Kesi moja yenye mama na watoto wawili ni 120 mara moja na 325 mara tatu, jumla 1,095.

Sasa mtu yuko Dallas, anasikia "AOS ni 120", anaituma hiyo pamoja na I-485. Tangu Aprili 2024 I-485 ya mtu mzima ni 1,440. Mtoto wa chini ya miaka 14 anayeomba pamoja na mzazi ni 950. Ada ikipungua, huambiwi uongezee. Bahasha nzima inarudishwa, na tarehe ya kupokelewa huna. Kama hadhi yako ilikuwa inaisha wiki hiyo, au foleni ya viza ikarudi nyuma mwezi unaofuata, dirisha limeshafungwa. Ada hubadilika, kwa hiyo isome kwenye ukurasa wa fomu yenyewe siku unayotuma.

Binti Pangani
Nyongeza kwenye I-864. Aliyemwombea ndugu lazima aijaze hata kama hana kipato. Watu wanapata mdhamini wa pamoja mwenye mshahara mzuri, wanatuma ya kwake peke yake, faili linakwama. Zinatakiwa mbili.

Kipimo ni asilimia 125 ya kiwango cha umaskini kwa ukubwa wa kaya, na mhamiaji mwenyewe anahesabiwa humo. Mwanajeshi aliye kazini anayemwombea mwenzi au mtoto, asilimia 100. Mdhamini wa pamoja awe raia au mkaazi wa kudumu, awe ametimiza miaka 18, na makazi yake yawe Marekani. Shemeji wa Muscat mwenye maduka yake hafai. Mali inakubalika, lakini iwe mara tano ya pengo la kipato. Mara tatu kwa mwenzi wa raia.

Na talaka haifuti kiapo. Kinakoma mhamiaji akipata uraia, akihesabiwa robo 40 za kazi (robo ni miezi mitatu, yaani kama miaka kumi), akiacha ukaazi na kuondoka, au kifo kikiingia. Mwambie mdhamini haya kabla hajasaini, si baada.

Msafiri wa Kilindini
Je, mchumba wa viza ya K-1 aliyeshapeleka karatasi za udhamini ubalozini Nairobi, anazipeleka tena?

Fundi wa Fomu
Ndiyo, kaka. Ya ubalozini huwa ni I-134, haina meno kama I-864. Akifika, anafunga ndoa ndani ya siku 90 na yule yule aliyemwombea, ndipo anatuma I-485, na I-864 mpya inaingia humo humo. Akiolewa na mwingine, hiyo njia haipo.

Mzee wa Minneapolis
Ongezeni na AP. Ukiwa na I-485 inayosubiri, AP ni Advance Parole, ruhusa ya kutoka na kurudi, fomu I-131. Ubalozini, AP ni Administrative Processing: afisa amesimamisha viza yako chini ya kifungu 221(g) cha sheria ya uhamiaji. Anayeambiwa "AP imetoka, safiri" aulize ni ipi. Ukitoka Marekani bila Advance Parole mkononi, I-485 inahesabiwa umeitelekeza, isipokuwa kwa wachache kama wenye viza za kazi za H-1B na L-1. Kuwa umeiomba hakutoshi, lazima iwe imeshatoka.

Dada wa Leicester
Kwetu Uingereza, AOS kwenye barua ya mahakama ni Acknowledgment of Service. Mwenzako amefungua talaka, una siku 14 kujibu. Si barua ya uhamiaji, ila kama viza yako ni ya mwenzi, mtafute wakili wa uhamiaji wiki hiyo hiyo. Na ndugu wa Australia wana Assurance of Support kwa viza za wazazi: dhamana ya fedha, na kwa viza ya mzazi ya kuchangia mdhamini anafungwa miaka 10.

Binti Pangani
Aliyeshinda DV, ile bahati nasibu ya viza za ukaazi wa Marekani, na yuko tayari Marekani, AOS yake ni I-485 tu, I-864 haimhusu. Ila analipa dola 330 za DV kando, kwa Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani, na stakabadhi yake inaingia kwenye faili. Uamuzi utoke kabla 30 Septemba ya mwaka wake wa DV haijaisha. Tarehe 1 Oktoba faili linakufa hata kama mahojiano yameshafanyika.