Seti ya gesi ya mtumba, oksijeni na asetilini: nikague nini kabla ya kulipa?

Njiro_Gereji
Wakuu, habari za jioni. Kuna seti ya gesi ya mtumba inauzwa mtaa wa Unga Limited, hapa Arusha, nataka kuifunga kwenye banda langu la nyumbani hapa Njiro. Ina regyuleta mbili (vipunguza presha ya mtungi), mipira ya mita tano, tochi ya kuchomelea H01-6, ya kukatia G01-30, nozo (ncha za tochi) nne na mitungi miwili. Kazi zangu: kukata plati za milimita 10, kuunga ekzosi kwa fimbo za shaba, na kupasha nati zilizoganda kwenye chesisi za Land Cruiser. Muuzaji amepaka grisi thredi zote ili zisishike kutu. Ameniruhusu kujaribu kabla ya kulipa. Nianzie wapi? Na je, naweza kutumia gesi ya kupikia badala ya asetilini?

Fundi_Pasua
Mkuu, katika yote uliyoandika, hiyo grisi ndiyo kubwa. Mtungi wa oksijeni uliojaa una bar 150 au zaidi. Ukifungua valvu, gesi inajisukuma ndani ya regyuleta na kupata joto ghafla. Ikikuta grisi inaiwasha bila cheche yoyote, na ndani ya oksijeni tupu hata chuma huungua. Regyuleta hiyo ya oksijeni usiifunge kwenye mtungi hata kwa kujaribu. Kufuta na kitambaa hakusaidii, maana iliyoingia ndani huioni. Itoe kwenye hesabu, nunua mpya.

Regyuleta safi inapimwa hivi. Legeza skrubu ya kurekebishia mpaka izunguke bila kubana. Simama pembeni, usikae mbele ya geji, fungua mtungi taratibu. Geji ya mtungi ipande, ya kazi (inayoonyesha presha inayokwenda kwenye tochi) ibaki sifuri. Ikipanda yenyewe, kiti cha valvu ya ndani kimeliwa. Kisha kaza mpaka bar 2 kwa oksijeni au 0.5 kwa asetilini, fungua tochi kidogo halafu funga. Sindano itaruka kidogo na kutulia. Ikiendelea kutambaa kwenda juu, ni ugonjwa uleule. Kwa asetilini ni mbaya zaidi: haitakiwi kuvuka bar 1 kwenye mpira, kwa sababu ikibanwa sana inaweza kulipuka hata bila oksijeni.

Malizia kwa kufunga mitungi, tochi zikiwa zimefungwa, usubiri dakika tano. Geji ya kazi ikishuka, tafuta uvujaji kwa povu la sabuni kwenye mipira na tochi. Thredi za gesi zisizungushiwe tepu, zinaziba kwa koni yake. Ikivuja hata ukikaza kawaida, koni imeumia.

Chuma_Himo
Naongezea upande wa tochi. Hizo mbili ni za kunyonya, yaani oksijeni ikipita kwa kasi kwenye kitundu cha ndani ndiyo inayovuta asetilini. Chomoa mpira wa asetilini kwenye tochi, acha wa oksijeni, fungua valvu zote mbili za tochi, weka kidole safi kwenye mdomo wa asetilini. Kidole kinatakiwa kivutwe. Kisipovutwa, au ukihisi upepo unapuliza nje, usiiwashe: oksijeni itarudi kwenye mpira wa asetilini, na hapo moto ukirudi una njia. Mara nyingi sababu ni nozo iliyolegea au kitundu kilichoziba masizi. Safisha kwa sindano za nozo zenye saizi yake. Wengi huchokoa kwa waya wa baiskeli, na kitundu kikishapanuka hakirudi.

Nozo za G01-30 soma namba: 1 ni ya milimita 3 hadi 10, 2 hadi 20, 3 hadi 30. Wewe unahitaji ya 1 na ya 2, oksijeni bar 2 hadi 2.5.

Mipira usilipie hata shilingi. Ikunje karibu na nati utaona nyufa. Ukikuta imeungwa kwa kipande cha bomba la kopa, tupa: asetilini ikikaa na kopa hutengeneza chumvi inayolipuka kwa kuguswa tu. Nati za asetilini zina alama ya kukatwa kwenye kona na hukazwa kinyume, kwa hiyo usilazimishe. Na sijaona ukitaja vizuia moto kurudi. Nunua viwili vipya, kimoja kila regyuleta.

Kwa_Mrombo
Mitungi achana nayo kabla hujaona karatasi. Mingi ni mali ya kampuni za gesi, na mtungi usio na tarehe ya kupimwa iliyogongwa begani utakataliwa kujazwa. Asetilini yake usiipime kwa geji, imeyeyushwa ndani ya asetoni. Inapimwa kwa uzito. Mtungi ukisafirishwa umelala, usimamishe saa kadhaa kabla ya kuufungua, la sivyo unamwaga asetoni kwenye regyuleta.

Kama bei ya mtungi ni tatizo, pipa la kabaidi, mawe yanayotoa asetilini yakikutana na maji, ni rahisi. Kilo moja inatoa lita kama 300 za gesi.

Fundi_Pasua
Hapo kwenye kabaidi sikubaliani, mkuu. Pipa la mtaani halina kidhibiti cha presha, na nyumbani kuna watoto. Aliache.

Kuhusu gesi ya kupikia: katika kazi alizotaja, hakuna hata moja ya kuyeyusha chuma kwa chuma, na hiyo ndiyo kazi ambayo gesi ya kupikia haiwezi. Kukata, fimbo za shaba na kupasha inafanya. Ila tochi za H01 na G01 zimetengenezwa kwa asetilini, kubadili nozo peke yake hakutoshi. Regyuleta ya jiko haina presha ya kutosha, mpira uwe wa gesi hiyo, na oksijeni itaisha haraka, kwa sababu inahitaji zaidi ya mara tatu kuliko asetilini kwa kila lita ya gesi. Pia ni nzito kuliko hewa, inatuama kwenye shimo la gereji.

Chuma_Himo
Kwa nati zilizoganda mimi bado ningechagua asetilini. Moto wake umejikusanya, nati inakuwa nyekundu kabla chesisi haijapata joto. Wa gesi ya kupikia unasambaa, unaunguza bushi za jirani.

Njiro_Gereji
Asanteni sana wakuu. Kesho nakwenda na regyuleta safi ya kuazima kwa ajili ya kile kipimo cha kidole. Tochi zikivuta nitatoa bei ya tochi na nozo tu, mitungi nitachukua kwa wenye gesi. Je, grisi kwenye mdomo wa tochi yenyewe inaoshwa?

Chuma_Himo
Upande wa oksijeni, usiifunge kabla haijafunguliwa yote, ikaoshwa kwa sabuni na maji ya moto mara kadhaa, ikakaushwa kabisa na kuwekwa oringi (pete za mpira za kuzibia) mpya. Muuzaji akikataa ifunguliwe, iache hapohapo.